UZI: Wenye nyonga za chuma Tabora na Kigoma, msisubiri iume ndipo mkapige picha

Mionzi wa Magharibi (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naenda moja kwa moja kwenye mada. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, kituo changu kiko mkoa wa Tabora. Wenye nyonga bandia nawapokea mara kwa mara: wa Urambo, Kaliua, Sikonge, na wengine wanapanda treni kutoka Uvinza na Kigoma mjini. Ukiwauliza, maelezo yanafanana. Alipasuliwa Dar, Mwanza au India, akapona, akaacha magongo, akarudi kwenye tumbaku yake au dukani kwake, na tangu hapo hajapiga picha ya eksirei hata moja. Anarudi siku paja linapouma akiinuka kitini, au ndugu wanapomwambia mguu mmoja umekuwa mfupi. Nikifungua picha kwenye skrini, mfupa uliokuwa umekishika chuma umeshaliwa.

Ninachotaka kila mwenye nyonga bandia na kila anayemuuguza akishike ni hiki: mfupa unaweza kuisha taratibu kuzunguka kile chuma na mwenyewe asisikie chochote. Maumivu yakianza, mara nyingi chuma kimeshalegea. Hapo upasuaji wa marudio unakuwa mzito kuliko ule wa kwanza, damu nyingi zaidi, saa nyingi zaidi, na daktari hana mfupa wa kutosha wa kushikizia nyonga mpya.

Sisemi haya kumtisha mtu. Nyonga bandia imewarudishia watu wengi sana miguu yao. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban nyonga 58 kati ya 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Lakini takwimu hizo zinatoka nchi zenye daftari la taifa la nyonga bandia, ambako kila chuma kimeandikwa na kila kinachorudiwa kinahesabiwa. Mama wa Kibondo hana daftari hilo. Daftari lake ni yeye mwenyewe na bahasha yake ya picha.

Kwa nini mfupa unaliwa? Nyonga bandia nyingi zina kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Mpango huu aliuweka sawa daktari Mwingereza John Charnley, hospitali ya Wrightington, mwaka 1962, na ndio unaofuatwa hadi leo pamoja na maboresho. Mtu anapotembea, plastiki inasagika kidogo kidogo. Seli za ulinzi zinazimeza zile chembe, zinashindwa kuziyeyusha, zinatoa kemikali, na kemikali hizo zinaziamsha seli zinazomumunya mfupa. Kwenye eksirei tunaona matundu meusi nyuma ya kikombe au kandokando ya shina lililoingia kwenye paja. Plastiki za kisasa, zilizoimarishwa kwa mionzi, zinasagika kidogo sana. Za zamani ndizo zinazotupa kazi.

Sasa zile za chuma kwa chuma. Wazo lilikuwa kwamba kama plastiki ndiyo inayosagika, iondolewe, kichwa cha chuma kizunguke ndani ya kikombe cha chuma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wengi waliwekewa, kwa sababu walitaka nyonga ya kuhimili kazi. Chuma chenyewe ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Kikisagana kinatoa vumbi dogo mno, na madini yanaingia kwenye damu. Nyama za jirani zinaweza kufa, maji yakajaa, ukatokea uvimbe unaofanana na saratani ingawa si saratani. Agosti 2010 kampuni ya DePuy, iliyo chini ya Johnson & Johnson, iliondoa sokoni nyonga yake iitwayo ASR baada ya takwimu za Uingereza kuonyesha kwamba 12 hadi 13 kati ya kila wagonjwa 100 walirudiwa upasuaji ndani ya miaka 5. Duniani walikuwa wamewekewa watu takriban 93,000, na India peke yake zilifanyika operesheni takriban 4,700. Hiyo India naitaja kwa makusudi, maana ndiko watu wetu wengi walikoenda. Si kila chuma kwa chuma kimeharibika, kuna watu wanakitembelea vizuri mpaka leo, lakini mwenye nacho anatakiwa ajue kwamba anacho.

Utajuaje? Kila kifaa kinakuja na stika ndogo nyeupe zenye jina la kampuni, namba baada ya neno REF na namba baada ya neno LOT. Chumba cha upasuaji wanazibandua na kuzibandika kwenye faili la mgonjwa. Kichwa kina yake, kikombe kina yake, shina lina yake. Omba ukurasa huo uupige picha kwa simu. Ni haki yako.

Maswali karibuni. Nitajibu nikitoka zamu.

---

Bint Ujiji

Asante sana kaka kwa uzi huu, umenikuta kwenye shida hiyohiyo. Mama yangu ni mtu mzima, yuko Ujiji. Alianguka uani akavunjika shingo ya paja, akawekewa chuma. Tuliambiwa ni "nusu nyonga". Alitembea vizuri miaka kadhaa. Sasa analalamika kinena, hasa akitaka kuinuka, na mguu naona umefupika. Jirani kaleta mama mmoja wa kumchua, na duka la dawa wamempa vidonge vya antibiotiki. Sijui kama ndivyo au sivyo.

---

Mionzi wa Magharibi

Pole dada, na mama mpe pole zangu.

Nusu nyonga maana yake wamebadilisha kichwa cha paja tu, tundu la nyonga likabaki la kwake mwenyewe. Huku kwetu iliyoenea ni aina iitwayo Austin Moore. Chuma kinasuguana na gegedu yake ya asili, ile tabaka laini inayofunika mfupa ndani ya jointi. Kwa mzee anayetembea ndani ya nyumba inatosha. Kwa mama anayekwenda sokoni na shambani, gegedu inaisha, halafu kichwa cha chuma kinaanza kupanda juu na kwa ndani, kinaingia kwenye mfupa wa nyonga. Maumivu ya kinena yanaendana na hilo. Maumivu ya paja yanaelekea zaidi kwenye shina lililolegea. Anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo picha ndiyo itakayosema.

Tiba yake ikithibitika ni kuigeuza iwe nyonga kamili, yaani kikombe kipya na shina jipya. Lile shina la Austin Moore lina matundu mawili ubavuni, mfupa huwa unaota kupita humo ndani. Ndiyo maana kulitoa kunahitaji daktari aliyezoea kazi hiyo.

Kuchua, simamisheni leo. Nyonga bandia iliyolegea ukiivuta na kuizungusha inaweza kuchomoka au paja kuvunjika. Anayemchua ana nia njema, namheshimu, ila mfupa huo umekuwa mwembamba na kwa nje hauonekani.

Kuhusu antibiotiki namwachia tabibu aliyepo humu, najua yupo.

---

Tabibu wa Mwanga

Nipo mkuu. Dada, sikiliza kwa makini sehemu hii.

Nyonga bandia ya zamani ikianza kuuma, swali la kwanza la daktari ni: imelegea kwa kuchakaa, au ina wadudu, yaani bakteria? Wadudu wanaweza kufika kwa njia ya damu hata miaka kumi baada ya operesheni, wakitokea kwenye jino bovu, kidonda cha mguu, au mkojo. Wanajibandika kwenye chuma na kujijengea utando ambao dawa za kumeza hazipenyi vizuri. Vidonge vya dukani vinapunguza homa bila kuwamaliza. Halafu tukivuta maji ya jointi kuotesha maabara, hakioti kitu, na hatujui ni mdudu gani wala dawa gani inamuua. Kwa kawaida antibiotiki husimamishwa angalau wiki mbili kabla ya kuvuta maji, kama hali ya mgonjwa inaruhusu. Kwa hiyo mpeleke mama hospitali ya Maweni hapo Kigoma, waeleze jina la dawa na siku alizomeza, wao ndio waamue kuisimamisha. Wamfanyie ESR na CRP, ni vipimo vya damu vya kawaida vinavyosaidia kuonyesha kama mwili unapambana na wadudu. Akiwa na homa kali, kutetemeka, au kidonda cha zamani kinatoa usaha, msisubiri miadi, nendeni siku hiyohiyo.

Ikithibitika ni wadudu, njia zipo. Tatizo likiwa na wiki chache tu, wanafungua, wanasafisha, wanabadilisha kichwa na plastiki, shina linabaki. Likiwa la muda mrefu, chuma chote kinatoka. Wengi wanafanya kwa awamu mbili: wanaweka nyonga ya muda iliyotengenezwa kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, mgonjwa anatibiwa kwa wiki kadhaa, damu ikitulia ndipo inawekwa mpya. Kuna vituo vinatoa na kuweka siku hiyohiyo kwa wagonjwa waliochaguliwa. Na mgonjwa asiyeweza kuhimili operesheni kubwa mbili, chuma kinatolewa na jointi inaachwa bila kitu. Inaitwa Girdlestone. Mguu unafupika, anatembea na magongo, lakini maumivu na usaha mara nyingi vinakwisha. Nimemwona mzee wa aina hiyo anakwenda msikitini mwenyewe kila Ijumaa, kwa hiyo msiidharau.

---

Kijana wa Kasulu

Naomba nichangie, mimi ni mhusika.

Nina selimundu (sikoseli) tangu utoto. Wenye selimundu wanajua, damu inaziba mishipa midogo ya kichwa cha paja, mfupa unakufa, unabonyea. Nilipelekwa India nikiwa na miaka ishirini na kitu, nikawekewa chuma kwa chuma kwa sababu nilikuwa kijana. Kampuni na hospitali sizitaji. Nilirudi nikawa fundi seremala, nasimama kutwa. Nyonga haikuuma hata kidogo.

Kilichonishtua ni uvimbe juu ya kinena, laini, hauumi. Nilidhani ngiri. Ultrasaundi pale Kigoma ikaonyesha mfuko wa maji umeizunguka nyonga. Daktari aliyeisoma akaniuliza nyonga yangu ni ya aina gani. Sikuwa na jibu, faili lilibaki India. Tuliandika barua pepe mpaka wakatuma ukurasa wa stika. Nilipofika Dar wakapima kobalti kwenye damu, ikawa juu.

Operesheni ilichukua karibu siku nzima. Daktari alinionyesha picha alizopiga ndani: maji ya kijivu yaliyokolea kama grisi iliyotumika, na nyama zilizopaswa kuwa nyekundu zilikuwa zimefifia, nyingine nyeusi. Shina langu lilikuwa limeshika vizuri wakaliacha, wakabadilisha kikombe na kichwa, sasa ni seramiki (kauri ngumu) ndani ya plastiki. Kobalti imeshuka. Lakini misuli ya ubavuni mwa nyonga, ile inayokuzuia usiyumbe ukisimama kwa mguu mmoja, sehemu yake ilikuwa imekufa, na misuli iliyokufa hairudi. Natembea na fimbo, na nimeambiwa nyonga hii inaweza kuchomoka kirahisi. Kama ningepigwa ultrasaundi miaka mitatu nyuma, misuli hiyo ningekuwa nayo. Aliyefanyiwa enzi zangu asidanganywe na kutosikia maumivu.

---

Mionzi wa Magharibi

Kijana wa Kasulu, Mungu akuzidishie afya. Ushuhuda wako nimeubandika juu kabisa ili kila anayefungua uzi auone.

Naongezea hapo kwenye kobalti. Mwaka 2010 mamlaka ya Uingereza ya dawa na vifaa tiba ilielekeza kwamba mwenye chuma kwa chuma akikutwa na zaidi ya mikrogramu 7 kwa lita ya damu, apimwe tena baada ya miezi mitatu na nyama zake zipigwe picha. Namba hiyo ni kengele tu, kuna mtu mwenye 4 na uvimbe mkubwa. Ikipanda sana inaweza kugusa mwili mzima: masikio kuziba, macho kufifia, ganzi miguuni, tezi ya shingo kulegea, moyo kutanuka. Mwaka 2014 madaktari wa Marburg, Ujerumani, walimwandika kwenye Lancet mgonjwa wa miaka 55 aliyefika kwao moyo umeshindwa, haoni vizuri, hasikii vizuri. Nyonga yake ya seramiki ilikuwa imevunjika, akawekewa ya chuma, na mabaki ya seramiki yakawa yanakisaga chuma hicho. Walipoitoa, kobalti ikashuka na moyo ukapata nafuu. Kwa hiyo ukimwona daktari wa moyo au wa masikio, mwambie kwamba una chuma nyongani. Asipoambiwa hawezi kuunganisha.

---

Boda wa Nzega

Mkuu nimeogopa. Mimi nilipata ajali ya pikipiki, nimewekewa chuma kirefu na skrubu kwenye paja. Na mimi nina hiyo sumu?

---

Mionzi wa Magharibi

Hapana mdogo wangu, tulia. Chako ni cha kuunga mfupa, hakuna chuma kinachozunguka juu ya chuma kingine, hivyo vumbi la namna hiyo halitoki. Chako kina mambo yake: skrubu kulegea, kukatika kama mfupa haujaunga, au wadudu. Ukisikia maumivu mapya au ngozi ikiwa na tundu linalovuja, rudi. Kukitoa au kukiacha ni mazungumzo yako na daktari.

---

Mpita Njia

Ninyi wa hospitali kila kitu picha, picha. Mtu haumwi, anapigwa picha ya nini kama si kuchuma hela za maskini?

---

Tabibu wa Mwanga

Ndugu yangu, hoja ya hela ni ya kweli na inaniuma, nauli ya Kibondo hadi mjini si mchezo. Ila piga hesabu pande zote mbili. Uingereza ratiba iliyopendekezwa kwa miaka mingi kwa nyonga zilizothibitika ubora ilikuwa picha mwaka wa kwanza, mwaka wa saba, halafu kila miaka mitatu. Ni picha chache mno kwa maisha ya mtu. Matundu yakionekana mapema, kikombe kinaweza kuwa bado kimeshika, daktari akabadilisha plastiki na kujaza mfupa. Yakichelewa, shina linalegea, paja linakuwa jembamba kama ganda, siku moja anajikwaa na linavunjika kandokando ya chuma. Hapo kuunga kwa pleti peke yake hakutoshi kama shina limelegea. Inabidi shina refu linalopita chini ya mvunjiko, waya za kufunga mfupa, pengine paja lipasuliwe kwa urefu ili shina la zamani litoke, na kwenye kikombe vipande vya titani vyenye vinyweleo au mfupa wa kupandikiza. Ndugu wanatafutwa kuchangia damu. Gharama hiyo ndiyo inayouza ng'ombe.

---

Mzee Kalunde

Vijana wangu, nawasoma. Mimi ni mstaafu wa reli, nyonga yangu niliwekewa MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni kamili. Choo cha kuchuchumaa na sujudu, bado nijizuie? Miaka imepita.

---

Mionzi wa Magharibi

Shikamoo mzee wangu.

Hatari kubwa ya kuchomoka iko miezi ya mwanzo, lakini haifiki sifuri. Plastiki ikishachakaa, kichwa kinakuwa na nafasi ya kucheza, na mtu aliyekaa salama miaka kumi na tano anachomokewa akifunga kiatu. Kuchuchumaa kabisa kunakunja nyonga kupita kiasi, kwa hiyo kiti cha choo cha kuhamishika kinakufaa, mafundi wa Tabora wanavitengeneza vya chuma kwa bei ya kawaida. Swala unaweza kuswali kitini, dini imeruhusu kwa mwenye udhuru. Kigoda kifupi cha jikoni na kukunja nne navyo uviache. Na mzee, picha ya mwisho ulipiga lini? Njoo na bahasha ya zamani, maana picha moja peke yake hainisaidii kama mbili za miaka tofauti. Filamu msizihifadhi juu ya dari chini ya bati, joto linazigandisha.

Wenzangu wa mionzi mnaosoma humu, nawaomba: filamu ya nyonga bandia ishike mpaka chini ya ncha ya shina. Ikiishia katikati ya paja, ile sehemu shina linapolegea na paja kuvunjika haionekani, na mgonjwa anarudishwa kutoka Dar kupigwa upya.

---

Bint Ujiji

Kaka zangu, nimerudi. Mama tulimpeleka. Kichwa cha chuma kimepanda kama ulivyosema. CRP haiko juu, vidonge wameamuru aache, watavuta maji baada ya wiki mbili wahakikishe, ndipo rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Wametupa picha kwenye sidii. Nauliza safari: ni Kigoma hadi Mwanza kwa basi, tumkalisheje?

---

Mionzi wa Magharibi

Hapo mmefanya vizuri sana dada.

Chukueni kiti cha mbele upande wa njia, mguu wake wenye chuma uwe wa upande wa njia ili aunyooshe. Muwekeeni mto mgumu chini ya makalio, magoti yasizidi usawa wa nyonga. Asikunje nne, asiiname kuokota kitu. Kila basi linaposimama, Kasulu, Kibondo na kwingineko, ashuke na magongo atembee kidogo, na akiwa kitini achezeshe vifundo vya miguu ili damu isigande. Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, au akipata pumzi fupi ghafla, mshusheni hospitali ya karibu, msisubiri Mwanza. Waulizeni Maweni kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya kuondoka.

Sidii, karatasi ya rufaa, majina ya dawa zote na picha ya stika kama mmeipata, vikae kwenye mkoba wako mwenyewe wa mkononi, visiende kwenye buti. Na ndugu wawili wenye damu ya kundi lake wawe tayari kufuata.